Waliosugua Sufuria Zetu

Juzi mchana kitukuu changu aliunguza ugali. Ana miaka kumi, ameachiwa ugali wa watu watano, na mawazo yake yote yako nje kwa wenzake wanaoruka kamba. Moshi ukatoka jikoni ukatukuta uani. Mama yake, ambaye ni mjukuu wangu Imelda, akasema kwa uchovu, "Toa huo wa juu uliopona, halafu ukoko loweka. Utasugua mwenyewe mpaka ukome." Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nachambua maharage. Ile harufu iliponifika nikasema, "Msiloweke kwanza. Nileteeni hapa ninuse."

Mtoto alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani, Bibi ananusa sufuria!"

Imelda hakucheka. Aliishika ile sufuria kwa kitambaa, akaja akaiweka mbele yangu, akakaa chini. Hapa Songea, mtaa wetu wa Mfaranyaki pote, ni sisi wawili tu tunaojua harufu ile inatupeleka wapi. Na wewe, kama umewahi kubandua ukoko kwa mwiko ungali wa moto, wa kahawia, unakatika kama biskuti, basi sogea karibu, maana nitakupeleka na wewe.

Kwetu ni ziwani. Tulikuwa tukisema ziwani tu, hatukuwa na haja ya kusema ziwa lipi. Kwetu ziwa ni moja, Nyasa. Kutoka Songea ulipanda lori alfajiri, ukapita Mbinga, ukashuka milima ya Wamatengo kona baada ya kona mpaka masikio yanaziba, na jua likiwa linazama ndipo unayaona maji. Mji wenyewe mdogo. Kanisa moja la matofali, msikiti mmoja wa bati, maduka manne, mwalo wa mitumbwi, na chanja za dagaa zimepangwa mchangani kama vitanda vya bweni. Harufu ya dagaa ilikuwa kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye vitabu vya nyimbo kanisani.

Mlima ulikuwa nyuma yetu, upande wa mawio, kwa hiyo jua letu lilichelewa. Watu wa huku Songea mmeshaanika nguo, sisi bado tumo kivulini. Kuanzia kunapambazuka hadi jua livuke mlima, ufuko wote ulikuwa wa rangi moja, rangi ya jivu. Maji jivu, mchanga jivu, na mtu akipita mbali huwezi kujua ni mtu au ni kisiki kinachotembea. Tuliiita saa ya kivuli. Wanaume wamerudi kutoka majini wamelala, wanawake tuko kwenye chanja au tumepanda kwenye mihogo. Upande wa kusini, kwenye mawe makubwa, kulikuwa kwa watoto, kwa sababu huko ndiko tulikowatuma kuosha vyombo vya jana.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Yale maduka manne, ambayo zamani yaliuza kiberiti na mazungumzo tu, yalianza kujaa. Marobota ya mitumba yalishushwa, na utamkuta mtu amevaa koti la baridi kwenye joto la ziwani, jasho linamtiririka, lakini havui, maana limepatikana. Tunduru nako mawe ya thamani yalikuwa yameonekana, watu wakakimbilia. Binti yangu Oliva, mama yake Imelda, akawafuata. Hakwenda kuchimba, alikwenda kuwapikia wachimbaji. Alisema miezi mitatu. Ikawa mwaka, ikawa wa pili. Vitu alituma, sikatai. Kifurushi chake kilipanda basi Tunduru, kikalala Songea, kikapanda lingine hadi Mbinga, kikamalizia safari juu ya lori la mahindi, kikatufikia kina vumbi la wilaya nzima nzima. Imelda, miaka tisa, alikifungua polepole, akatoa kimoja kimoja hadi chini kabisa, halafu akalikung'uta boksi. Nilimwona anavyolikung'uta. Nilijua anayemtafuta.

Majina yote ninayo. Shule yangu iliishia darasa la pili, na mtu asiye na daftari huweka vitu kichwani. Lakini kwetu mtu mzima hatajwi hovyo, kwa hiyo jirani nitamwita jirani tu. Watoto ndio nitawataja. Walikuwa watatu: Imelda wangu, na watoto wawili wa jirani, Fidea aliyekuwa na miaka kumi na maneno ya mtu wa arobaini, na mdogo wake Kosmas, ambaye meno mawili ya mbele yalikuwa yametoka na bado hayajarudi.

Kilichonishtua kwanza ni sufuria. Sisi tulisugua kwa mchanga na jivu na gunzi, na sufuria ya bati jepesi ikisuguliwa miaka inajaa mikwaruzo kama kiganja cha mkulima. Sasa zangu zikaanza kurudi kutoka ziwani ndani laini, zinang'aa kama yai, hakuna hata punje ya ukoko. Lakini nje masizi vilevile, hayakuguswa! Nikajiuliza ni mtoto gani huyu anayesugua ndani kama malaika na nje kama mvivu.

Jirani akaja siku hiyohiyo, na sufuria yake mkononi.

"Hodi humu. Mama Oliva, niambie ukweli wa Mungu. Umewanunulia hawa watoto chuma cha kusugulia ukanificha?"

"Mimi? Nilidhani ni wewe."

"Mimi nikitoe wapi, na mume wangu hata kiberiti chenyewe anaazima?"

"Basi ni nani?"

Tukawageukia watoto. Watoto wakaangalia kuku.

Jioni nikamweka Imelda katikati ya magoti yangu nikaanza kumsuka. Mtoto anayesukwa husema kweli, kwa sababu hauoni uso wako. Sikumwuliza kitu. Nilifika mstari wa tatu, akasema mwenyewe, "Bibi, sio sisi tunaosugua."

"Nani?"

"Mabwibwi."

Ndilo jina walilowapa. Walitoka katikati ya mawe saa ya kivuli, akasema, wakubwa kama mtoto wa mbuzi wa siku mbili. Walitembea kwa miguu miwili, wakichoka kwa minne. Hawakuwa na manyoya wala magamba. Ngozi yao ilikuwa na ute kama ya kambare, inang'aa kama jiwe lililotoka majini sasa hivi, na macho yao yalikuwa ya duara, yana rangi ile ya ndani ya kombe. Walipenda ukoko kuliko kitu chochote. Waliingiza kichwa kizima ndani ya sufuria na ulimi wao ulikuwa mkali kama msasa. Watoto wakawapa majina ya vyombo. Yule mrefu mwembamba aliitwa Mwiko. Mwenye kichwa bapa, Kifuniko. Mkubwa wao, mwenye tumbo, mzito, ambaye wengine hawakuanza kula mpaka aanze yeye, waliita Chungu. Na yule mdogo kabisa, aliyetosha mapajani, aliitwa Kijiko. Kijiko alikuwa wa Imelda.

Kosmas alidai amewafundisha adabu. "Chungu akiniona ananiamkia shikamoo," aliniambia baadaye, hewa inapita kwenye pengo. Dada yake akamkata palepale: "Anainama kunywa maji. Wewe unafurahia kuamkiwa na chungu kwa sababu watu hawakuamkii."

Lakini jambo lenyewe halikuwa ukoko. Mabwibwi hawakuwa na maneno. Wakitaka kusema waliweka kidevu majini wakapuliza, bwi, bwi, bwi, na mapovu yakapanda, makubwa kama chungwa, yakakaa juu ya maji bila kupasuka. Ukiinamisha sikio karibu, povu linapasuka taratibu, na ndani yake kuna sauti. Sauti ya mahali pengine. Fidea alisikia kengele ya kanisa asilolijua. Kosmas, kila siku, alisikia mbuzi, akalia kwa hasira kwamba mbuzi anao nyumbani. Na Imelda, kwenye povu la Kijiko, alisikia mafuta yanachacharika kwenye kikaango kikubwa, wanaume wanacheka, na mwanamke anakohoa, kikohozi kikavu, mara mbili.

"Ni mama," aliniambia. Mikono yangu ilisimama kichwani kwake.

Utaniuliza kama niliamini. Nakujibu hivi: kesho yake nilisonga ugali, na ulipoiva niliuacha motoni kidogo zaidi. Kesho kutwa, kidogo zaidi tena. Jirani naye, sikumwambia kitu, nikasikia harufu ya kuungua inatoka kwake. Tulikuwa wanawake wazima wawili, tunaunguza ugali makusudi, hakuna anayemwuliza mwenzake. Wala sikwenda kuchungulia. Rafiki wa mtoto humfuatilii nyuma kama mwizi. Asubuhi moja tu nilisimama juu kwenye mihogo, ukungu umefunika mawe yote, nikawasikia kutoka mbali, bwi, bwi, na kicheko cha watoto kimechanganyika humo. Nilisimama mpaka miguu ikapata baridi. Imelda siku zile alinenepa. Alilala bila kuota vibaya. Ilikuwa kama vile mama yake anakaa nyumba ya pili.

Basi, kikaja kifurushi kingine. Kulikuwa na kitenge, ndala za plastiki, na chini kabisa pakiti ya sabuni ya unga. Hapa mjini mlishaizoea. Sisi tulikuwa watu wa sabuni ya mche, tunaukata vipande kwa uzi, na miaka ya dhiki tulifua kwa majani ya mpapai. Nilikata kona ya ile pakiti, nikatia chembe kidogo kwenye beseni, nikakoroga. Povu likaumuka kama uji unaotaka kumwagika, likanukia maua yasiyoota kwetu. Imelda alilitazama kwa namna ambayo ningepaswa kuuliza anawaza nini. Sikuuliza. Nilimpa pakiti yote mkononi nikamwambia, "Hii ni yako, mama yako amekutumia. Lakini kitu kizuri kula na wenzio."

"Bibi, humu kuna mapovu mangapi?"

"Hesabu mwenyewe," nikasema, nikacheka.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwenye chanja nageuza dagaa. Nikasikia mbio mchangani. Kosmas alikuwa mbele analia wazi, Fidea nyuma yake, na mwisho kabisa Imelda, hakimbii, anatembea haraka kwa magoti yaliyokunjwa, amekumbatia sufuria kubwa iliyofunikwa kwa kile kitenge kipya. Fidea ndiye aliyesema, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akipamba: "Amemwaga yote, Bibi. Pakiti yote, kwenye dimbwi lao. Alisema povu moja lina kikohozi, basi mapovu mengi yatakuwa na mazungumzo mazima. Wengine wamekimbilia ndani ya ziwa. Kijiko alikuwa katikati."

Nilikifunua kile kitenge.

Ndiyo mara ya kwanza kumwona. Alikuwa kama walivyosema, ila ule mng'aro haukuwepo. Ngozi ilikuwa imekuwa kavu, nyeupenyeupe, kama samaki aliyesahauliwa juani. Macho ya kombe yalikuwa na ukungu. Mbavu zilipanda na kushuka upesi upesi, na mdomoni palitoka povu dogo la sabuni, linapasuka bila kusema chochote.

Imelda hakulia. Alinishika khanga. "Bibi, akifa mimi nimemwua na sabuni ya mama."

Hakuna hospitali ya kumpeleka kiumbe kama yule, wala padri wa kumwuliza. Nilikuwa na kile nilichokijua tu, na nilichokijua ni samaki. Miaka yote ya kushika samaki inakufundisha jambo moja: samaki ukimfuta ute, hata ukimrudisha majini, hapitishi siku. Ute ndio nguo yake. Sabuni ilikuwa imemvua Kijiko nguo.

Nikawatuma Fidea na Kosmas na ndoo, wasiende ziwani kwenye povu, wapande kwenye kijito kinachotoka mlimani. Tukammwagia maji safi, tukayamwaga, tukammwagia mengine, ndoo baada ya ndoo, mpaka maji yalipoacha kunukia maua. Lakini ngozi ikabaki kavu. Hapo ndipo nikaona kwenye ungo bamia nilizochuma jana kwa ajili ya mboga.

Nikazikatakata. Nikazichemsha bila chumvi, bila magadi, nikazikoroga mpaka zikavutika kama kamba, nikazipoza kwa kupepea na kifuniko. Kisha nikamweka Kijiko mapajani, nikaanza kumpaka. Mgongoni, kwapani, katikati ya vidole vyake vyembamba. Ngozi ilikunywa bamia kama ardhi ya kiangazi. Nikapaka tena.

"Hodi... " Jirani, bila kungoja karibu, ameshaingia. Akasimama mlangoni. Akanitazama mimi, akatazama mapaja yangu. "Mama Oliva. Unampaka nani mboga?"

"Funga mlango, leta bamia zako zote."

Akasogea, akainama. "Ndiyo haya yanayosugua sufuria?"

"Ndiyo."

"Na mimi niliapa mbele ya mume wangu kwamba ni chuma," akasema, akatoka mbio. Alirudi na bamia, na za mke mwenza wake pia, bila kuomba ruhusa.

Tulimpaka mchana kutwa, kwa zamu. Jirani alimwimbia nyimbo za kubembelezea watoto wachanga. Imelda hakula. Nilimwekea ugali na dagaa, akausukuma. Alikaa akimtazama Kijiko kifuani, anahesabu pumzi zake kwa midomo. Nilitaka kumwambia atapona, sikuthubutu. Mtoto aliyeahidiwa miezi mitatu akapewa miaka miwili, humwahidi kitu usichokishika.

Alasiri, jua linaelekea maji, Kijiko aliteleza mikononi mwa jirani. Nasema aliteleza! Jirani akapiga kelele akamdaka. Ngozi ilikuwa imeshika. Tukamweka kwenye beseni la maji ya kijito, akazama hadi puani, akakaa. Tukasubiri. Kisha: bwi. Povu moja, dogo kama ukwaju. Imelda akalala kifudifudi sakafuni akaweka sikio. Likapasuka.

"Umesikia nini?" Kosmas akauliza.

"Hakuna kitu," akasema Imelda, uso umelowa, anatabasamu. "Anapumua tu."

Kesho yake tulikwenda mawe ya kusini sote watano, jirani amebeba beseni kichwani bila kulishika, maji hayakumwagika hata tone. Dimbwi lilikuwa na utando wa povu pembeni, umekauka mweupe kwenye mawe. Tukakaa. Hakuna aliyetokea. Saa ya kivuli kwetu inaisha kwa namna yake: jua linaanza kuangukia mbali ziwani, mitumbwi ya huko inageuka ya dhahabu, kisha mstari wa mwanga unatambaa juu ya maji kuja ufukoni, polepole, lakini hausimami. Tulijua ukifika kwenye mawe hawatatoka tena. Niliutazama ule mstari kama mtu anayetazama maji ya mafuriko. Imelda alikuwa ameingia ziwani hadi magotini, amemkumbatia Kijiko, anasema kwa sauti ndogo, "Njooni mmchukue. Msije kwangu. Njooni kwake."

Mwanga ulikuwa umebaki hatua kama arobaini walipoibuka. Mwiko kwanza. Kisha Kifuniko, kisha wengine ambao majina yao ni Ungo, Kata na Kibao. Hawakusogea. Wakaachia nafasi katikati, akapita Chungu.

Alikuja mpaka kwa Imelda. Akamnusa Kijiko mgongoni. Akamlamba, akasita, akalamba tena, anatafunatafuna hewa kwa mawazo.

"Anaonja bamia," Kosmas akanong'ona.

"Nyamaza wewe," mama yake akamwambia.

Kijiko alipanda mgongoni kwa mkubwa wake kama mtoto yeyote anavyopanda. Nilidhani wataondoka hapo. Lakini Chungu alibaki, akateka maji kwa viganja vyake viwili, akayainua, akamtazama Imelda. Mtoto hakuelewa. Mimi nilielewa. Kwa wazee wetu, watu wakikosana hupatanishwa kwa kula pamoja, na kabla ya kula, aliyekosewa ndiye anayemnawisha mwenzake. "Nyoosha mikono," nikamwambia. Akanyoosha. Chungu akammwagia maji, taratibu, mkono huu na mkono huu. Akamnawisha Fidea. Akamnawisha Kosmas, ambaye kwa adabu zake zote alisema, "Asante, shikamoo." Kisha mwanga ukafika kwenye mawe, na pale walipokuwa pakabaki viduara vya maji vinapanuka.

Hawakurudi. Tuliunguza ugali hadi mvua zikaja zikapita, sufuria zikarudi na ukoko wake. Na lile povu halikuwa letu peke yetu kwa muda mrefu. Kabla ya mwaka kwisha maduka yote manne yalikuwa yametundika zile pakiti mlangoni, mpaka zile ndogo za kutosha mara moja, na kila Jumamosi wanawake walijaa kwenye mawe, ghuba ikawa nyeupe. Niliwaomba tufulie juu, kwenye mabeseni, maji tuyamwage migombani. Jirani alikubali, hadi anakufa alifulia migombani. Wengine walisema Mama Oliva ameanza ushirikina wa kuogopa sabuni. Sikuwaambia zaidi. Ningewaambia nini?

Oliva alirudi mwenyewe kiangazi kilichofuata, kwa miguu yake, kutoka kwenye lori. Alikuwa amekonda kwa moshi wa kuni za Tunduru, na alipokuwa anashusha mzigo akakohoa, kikavu, mara mbili. Imelda alinigeukia mimi kwanza kabla hajamkimbilia mama yake. Baadaye walihamia Songea, Mjimwema, mtoto akasome. Fidea aliolewa Mbinga, Kosmas yuko Mtwara. Mimi nilibaki ziwani peke yangu mpaka magoti yalipokataa mihogo, nikaletwa huku.

Mwaka juzi nilirudi kumzika jirani. Lori hakuna, ni basi, na lami imeshuka hadi majini. Masikio yanaziba bado. Chanja zimebaki chache. Yale mawe makubwa ya kusini mengi yamepasuliwa kokoto za kujengea, na dimbwi siwezi kukuonyesha lilipokuwa. Niliwauliza watoto waliokuwa wanaogelea, mnaosha vyombo wapi siku hizi? Wakasema, Bibi, bombani. Wakarudi majini. Walikuwa wanacheka vizuri tu, sisemi hawana furaha. Ila saa ya kivuli ilikuwa imefika, ufuko umekuwa wa jivu vilevile, na hapakuwa na mtu aliyekuwa anaisubiri.

Juzi, baada ya ile sufuria, Imelda alinisaidia kuanua nguo. Akaniuliza kitu ambacho kumbe alikibeba miaka yote hii. "Bibi, yule Chungu. Alininawisha kweli, au alikuwa ananiondolea sabuni tu, nisiwadhuru tena?"

"Alikunawisha."

"Una uhakika?"

"Nilikuwepo. Sabuni ilikuwa imeshaisha mikononi mwako tangu jana yake. Alikunawisha."

Alikunja shuka, akalikunja tena bila sababu, mabega yakashuka. Akaenda jikoni, nikamsikia anambandulia mwanawe ukoko, wanatafuna, wanacheka jambo ambalo sikulisikia.

Na ni kweli, sikumdanganya. Sikumwambia tu yote. Alipomaliza kumnawisha Kosmas, Chungu aliteka maji mara nyingine, akaja hadi nilipokuwa nimesimama nyuma ya watoto, wao wanatazama mikono yao, maji yananifika kwenye vifundo. Mimi ndiye niliyetoa pakiti. Mimi ndiye niliyesema kula na wenzio, na nilipoulizwa na mtoto nikacheka. Nikaweka mikono mbele, yote miwili, kama mgeni. Alinitazama kwa yale macho ya kombe muda mrefu, bila ukali, namna unavyomtazama mtu mzima mwenzako. Kisha akafungua viganja, maji yakarudi ziwani, akageuka akawafuata wenzake.

Nilibaki nimeinyoosha mpaka jirani akanigusa bega. Nikaipangusa mikono kwenye khanga, ingawa ilikuwa mikavu.